SOMO LA AFYA YA NYUMBANI: KUCHAGUA MAJI SALAMA YA KUNYWA

Somo hili limetayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wananchi wote wa Unguja na Pemba. Madhumuni yake ni kuiwezesha kila nyumba kujibu suala linalorudi kila asubuhi: kati ya maji yaliyopo, yepi yanafaa kunywewa kama yalivyo, yepi yanywewe baada ya kutibiwa, na yepi yasinywewe kabisa. Suala hilo huonekana dogo, kwa kuwa maji huchotwa kila siku bila ya kufikiriwa. Hata hivyo, makosa mengi yanayowapeleka watoto hospitalini hufanyika hapo hapo, baina ya ndoo na kikombe.

1. SABABU ZA SOMO HILI

Historia ya visiwa hivi na maradhi yanayotokana na maji ni ndefu. Mlipuko wa kipindupindu wa miaka ya 1869 na 1870 uliua watu wengi mno Unguja. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi mjini wakati huo, aliandika kitabu juu ya safari za maradhi hayo katika Afrika Mashariki, nacho kilichapishwa mwaka 1876. Baadaye, katika utawala wa Sayyid Barghash (1870 hadi 1888), maji ya chemchemi za upande wa Bububu yaliletwa mjini kwa mfereji maalumu, na wakaazi wa mji wakapunguza kutegemea visima vilivyochimbwa baina ya nyumba na vyoo.

Maradhi hayo hayakuishia hapo. Kipindupindu kiliripotiwa tena Zanzibar mwaka 1978, na tangu hapo kimerejea mara nyingi, ukiwamo mlipuko ulioanza mwaka 2015 na kuendelea mwaka 2016. Kutokana na hali hiyo, Zanzibar ilitayarisha mpango wa miaka kumi wa kukitokomeza kipindupindu, ulioanzia mwaka 2018. Mpango wa namna hiyo hauwezi kufanikiwa kwa mabomba na dawa peke yake. Maji yanaweza kutoka kwenye chanzo yakiwa safi, kisha yakachafuliwa na mkono mmoja usiooshwa.

Kipindupindu si maradhi pekee yanayobebwa na maji. Yapo pia homa ya matumbo, kuhara damu, homa ya manjano ya ini, na kuhara kwa kawaida ambako watu wengi hukuchukulia kuwa ni jambo la kupita. Kwa mtoto mchanga, kuhara hakupaswi kuchukuliwa hivyo. Mwili wake una maji kidogo ya akiba, na upungufu wa siku moja unaweza kumfikisha katika hatari ya maisha.

2. MAANA YA MAJI SALAMA

Wananchi wengi huyapima maji kwa mambo matatu: rangi, ladha na harufu. Vipimo hivyo ni vya zamani na vina faida yake. Ndivyo pia vinavyotumika kuyajua maji tohara kwa ajili ya udhu na josho. Yafaa ieleweke, hata hivyo, kwamba masharti ya tohara yamewekwa kwa ajili ya ibada, nayo hayakukusudiwa kuonesha viini vya maradhi. Maji yanaweza kuwa tohara bila ya shaka, yakafaa kwa udhu, na bado yakawa hayafai kunywewa kabla ya kutibiwa.

Sababu yake ni kwamba viini vya maradhi ni vidogo mno. Gilasi moja ya maji inaweza kubeba maelfu ya viini hivyo nayo ikabaki angavu, isiyo na harufu na yenye ladha tamu. Wataalamu huvitafuta kwa kupima maabara. Kanuni inayofuatwa duniani ni kwamba katika mililita 100 za maji ya kunywa kisipatikane hata kijidudu kimoja cha aina inayotoka katika kinyesi. Nyumba isiyo na maabara haiwezi kukitumia kipimo hicho. Kwa hivyo, badala ya kuyatazama maji pekee, yatazamwe mambo matatu mengine: yametoka wapi, yamepita wapi, na yamekaa katika chombo gani.

Maji salama, kwa maana ya somo hili, ni maji yasiyo na viini vya maradhi na yasiyo na madini au sumu kwa kiasi cha kudhuru. Sehemu hizi mbili zitenganishwe tangu mwanzo, kwa kuwa dawa ya moja si dawa ya nyengine. Kuchemsha huua viini, lakini hakuondoi chumvi wala madini.

3. ASILI YA MAJI YA VISIWANI

Unguja na Pemba hazina mito mikubwa ya kutegemewa. Maji mengi yanayotumiwa hutoka chini ya ardhi, nayo ni mvua za masika na vuli zilizozama katika udongo na mawe. Maji hayo matamu ni mepesi kuliko maji ya bahari, hivyo hukaa juu yake mfano wa mafuta juu ya mchuzi. Kwa kanuni ya uzito wa maji, kila mita 1 ya maji matamu iliyopo juu ya usawa wa bahari huwa na takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Kinyume chake pia ni kweli. Maji yakivutwa kupita kiasi hata kina kikashuka kwa mita moja tu, maji ya chumvi hupata nafasi ya kupanda juu mara nyingi zaidi ya hapo. Ndiyo maana kisima kilichokuwa kitamu kwa miaka huweza kugeuka chumvi baada ya pampu kubwa kufungwa karibu yake.

Jambo la pili ni mawe yenyewe. Sehemu kubwa ya Unguja, hasa upande wa mashariki na kusini, ni maweni: mawe ya matumbawe yenye nyufa, mashimo na mapango. Mahali penye udongo wa kutosha, udongo huyachuja maji machafu polepole kabla hayajafika chini. Katika maweni, maji machafu ya karo au choo cha shimo huweza kupita katika ufa na kufika kisimani kwa muda mfupi bila ya kuchujwa. Masafa ya mita 30 baina ya choo na kisima, yanayopendekezwa mara nyingi, ni kiwango cha chini kabisa. Katika ardhi ya mawe masafa hayo pekee hayatoi dhamana.

4. KUKICHAGUA CHANZO

(a) Maji ya mfereji. Maji yanayosambazwa kwa bomba na Mamlaka ya Maji, chombo kilichoundwa kwa Sheria ya Maji Namba 4 ya mwaka 2006, aghalabu ndiyo ya kwanza kuchaguliwa, kwa kuwa hutoka katika visima virefu na chemchemi zinazosimamiwa. Hatari yake kubwa ipo njiani. Maji yanapokatika, bomba hubaki tupu na nguvu ya msukumo hupotea. Bomba lenye tundu likipita katika mtaro au penye maji machafu, uchafu huvutwa kuingia ndani. Maji yanaporudi, yale ya mwanzo hubeba uchafu huo. Kwa hivyo, maji ya mwanzo baada ya mkato yakingwe katika ndoo ya kufulia au kumwagilia maua, na ya kunywa yakingwe baadaye, yakisha kuwa maangavu. Hata hapo inashauriwa yatibiwe.

Hali kadhalika, kufunga pampu moja kwa moja katika bomba la mtaa ili kuvuta maji ya zaidi ni jambo la hatari kwa jirani na kwa mwenye pampu mwenyewe. Pampu huvuta kila kilicho karibu na tundu la bomba, yakiwamo maji ya mtaroni.

(b) Maji ya kisima. Kisima kizuri kina ukuta imara wa ndani, sakafu ya saruji iliyoizunguka midomo yake, kifuniko, na ama pampu ama ndoo moja maalumu yenye kamba isiyolazwa chini. Kisima kilicho wazi, ambacho kila mchotaji huteremsha ndoo yake mwenyewe, kihesabiwe kuwa kimechafuka, hata kama maji yake ni baridi na maangavu. Hali huzidi kuwa mbaya siku za masika, maji ya mvua yanapoteremka na kuingia kisimani pamoja na uchafu wa uwanjani.

Ipo imani kwamba maji ya kisima yenye chumvi chumvi hayana viini kwa kuwa chumvi huua. Imani hiyo si sahihi. Chumvi inayohisika ulimini ni kidogo mno kuweza kuua viini. Zaidi ya hayo, kijidudu cha kipindupindu huweza kuishi katika maji ya mwambao yenye chumvi kiasi, hususan pale maji ya mto au mvua yanapokutana na bahari.

(c) Maji ya mvua. Haya ni neema ambayo nyumba nyingi huiachia ipotee. Maji ya mvua hayana chumvi, na yakikingwa vyema huwa miongoni mwa maji bora ya kunywa. Uchafu wake hutoka juu ya paa: vumbi, majani na kinyesi cha ndege, popo na panya. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi isikingwe kwa kunywa, bali iachiwe ilioshe paa na mifereji yake. Tangi liwe na kifuniko na wavu katika mlango wa kuingilia maji, ili mbu wasipate mazalio. Paa lililopakwa rangi yenye madini ya risasi, na paa la makuti, yasitumiwe kukingia maji ya kunywa.

(d) Maji ya gari na madumu. Maji yanayouzwa kwa gari au kwa mkokoteni huwa na thamani ya chanzo chake pamoja na usafi wa tangi. Mnunuzi ana haki ya kuuliza yametekwa wapi, na tangi hilo hubeba kitu gani siku nyengine. Dumu lililowahi kutiwa mafuta ya taa, dawa ya kilimo au rangi lisitumiwe kabisa kwa maji ya kunywa, hata likioshwa mara saba. Maji ya namna hii yatibiwe kila mara.

(e) Maji ya chupa. Maji ya chupa yaliyofungwa kiwandani hufaa safarini na wakati wa dharura. Kabla ya kununuliwa itazamwe lakiri ya kifuniko, alama ya ubora ya shirika la viwango na tarehe ya kumalizika. Chupa iliyookotwa na kujazwa tena huonekana mpya ikitazamwa kwa haraka, na lakiri iliyokatika ndiyo ishara yake. Bei ya maji haya haiziruhusu nyumba nyingi kuyategemea kila siku, wala si lazima kufanya hivyo endapo hatua zinazofuata zitafuatwa.

5. KUYATENGA MAJI YA KUNYWA

Nyumba nyingi hukata tamaa ya kutibu maji kwa kudhani kwamba maji yote ya nyumba yanatakiwa kutibiwa, ilhali makaa, gesi na dawa vina gharama. Hesabu ifuatayo inaonesha kuwa mzigo ni mdogo kuliko unavyodhaniwa.

Mtu mmoja huhitaji takriban lita 2 hadi 3 za maji ya kunywa kwa siku katika hali ya joto la visiwani. Nyumba ya watu 6 itahitaji basi baina ya lita 12 na 18. Dumu moja la lita 20 litatosha kwa kunywa, na litabakisha kidogo cha kupigia mswaki na kuoshea matunda. Nyumba hiyo hiyo, hata ikibana matumizi hadi lita 20 kwa kila mtu, itatumia lita 120 kwa siku kwa shughuli zote. Kwa maneno mengine, kinachotakiwa kutibiwa ni sehemu moja kati ya sita. Sehemu nyengine tano za kufulia, kudekia na kuogea zaweza kutoka katika chanzo kingine.

Chukuliwe mfano wa nyumba ya kijiji cha pwani yenye kisima cha chumvi chumvi uwanjani, tangi dogo la mvua, na gari la maji linalopita mara kwa mara. Mara nyingi nyumba ya aina hii hutumia maji ya mvua kufulia, kwa kuwa sabuni hutoa povu zuri, kisha hunywa maji ya gari tangi linapokauka. Utaratibu bora ni kinyume chake. Maji ya mvua yawekwe kwa ajili ya kunywa na kupikia tu, kisima kitumike kwa kudekia na kuoshea, na maji ya gari yajazie upungufu wa kufulia. Tangi la lita 1,000 likitumiwa kwa kunywa peke yake, kwa lita 20 kwa siku, litadumu siku 50.

Katika maji ya kunywa yahesabiwe pia yale yanayosahauliwa: maji ya juisi ya ukwaju na ndimu, maji ya barafu, ya kuoshea kachumbari na embe, ya kuchanganyia maziwa ya unga ya mtoto, na ya kusukutulia. Baridi ya friji haiui viini. Huvilaza tu, navyo huamka barafu inapoyeyuka. Mwezi wa Ramadhani, ambapo futari huanza kwa kinywaji baridi katika kila nyumba, jambo hili lizingatiwe zaidi.

6. NJIA ZA KUTIBU MAJI

Maji yenye tope au vumbi yatulizwe kwanza, kisha yachujwe kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne au zaidi. Utafiti uliofanywa vijijini Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2003 ulionesha kwamba kuchuja kwa kitambaa cha sari kuukuu kilichokunjwa kulipunguza wagonjwa wa kipindupindu kwa takriban nusu, kwa kuwa vijidudu vyake hujishika katika viumbe vidogo vya majini ambavyo kitambaa huvinasa. Nusu iliyobaki ndiyo sababu ya kutoishia kwenye kitambaa. Baada ya kuchuja, ichaguliwe mojawapo ya njia hizi:

Kwanza, kuchemsha. Maji yachemke mpaka yatoe mapovu makubwa yanayopanda kutoka chini, yaachwe hivyo kwa dakika 1, kisha yapoe katika chombo kile kile kikiwa kimefunikwa. Katika miaka ya nyuma ilikuwa ikisisitizwa kuchemsha kwa dakika 10 au zaidi. Kwa nchi zilizo usawa wa bahari kama visiwa hivi, ambako maji huchemka kwa takriban nyuzi 100, muda huo wote hauhitajiki, nao huwafanya watu waiache njia hii kwa uchache wa makaa. Maji yenye mvuke tu, au yenye mapovu madogo ya pembeni, bado hayajachemka. Upungufu wa njia hii ni kuwa maji yaliyochemshwa hayana kinga ya baadaye. Kikombe kichafu kikiingizwa, uchafuzi huanza upya.

Pili, dawa ya klorini. Dawa hii hupatikana kwa vidonge au maji maji. Kosa linalotokea mara nyingi ni kutosoma karatasi yake. Vipo vidonge vya lita 1, vya lita 5 na vya lita 20, navyo hufanana kwa sura. Kidonge cha lita 1 kikitiwa katika dumu la lita 20 hakitoshi kuua viini. Baada ya kutia dawa, maji yakorogwe na yaachwe kwa dakika 30 kabla ya kunywewa. Harufu ndogo ya dawa ni dalili kwamba kinga bado ipo, nayo hupungua chombo kikiachwa wazi kwa muda mfupi. Dawa ya kupaushia nguo yenye manukato isitumiwe kwa maji ya kunywa. Maji ya tope yasitiwe dawa kabla ya kuchujwa, kwani tope huila dawa.

Tatu, mwanga wa jua. Chupa za plastiki angavu, zisizo na rangi na zisizozidi lita 2, zijazwe maji maangavu na kulazwa juu ya bati kwa saa 6 za jua kali. Siku za mawingu ziachwe siku 2 mfululizo. Siku za mvua njia hii isitegemewe. Haina gharama, na hufaa zaidi miezi ya kiangazi.

Desturi ya kuufukiza mtungi kwa ubani ni nzuri na huyapa maji harufu ya kupendeza. Isihesabiwe kuwa ni njia ya kutibu maji. Moshi wa ubani hauui viini vilivyomo majini.

Kwa upande wa madini, hakuna kati ya njia hizi inayosaidia. Kuchemsha maji ya chumvi huzidisha ukali wa chumvi, kwa kuwa maji hupungua na chumvi hubaki. Hali ni hiyo hiyo kwa naitreti, madini yanayoweza kuingia visimani kutoka katika makaro na mbolea. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Madini haya hayana ladha, na huwadhuru zaidi watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya unga yaliyochanganywa na maji hayo, kwa kuipunguzia damu uwezo wa kubeba hewa. Kwa sababu hiyo kisima cha mjini kilichozungukwa na makaro kisitumiwe kwa maji ya mtoto, hata yakichemshwa. Kinga bora kwa mtoto wa chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake, bila ya maji ya aina yoyote.

7. KUHIFADHI NA KUCHOTA

Maji yaliyotibiwa yawekwe katika chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko, na ikiwezekana chenye koki. Mtungi wa udongo huyapoza maji vizuri, lakini mdomo wake mpana hualika mikono. Mwenye mtungi ahakikishe kuwa una kifuniko, kwamba kata ya kuchotea ina mpini mrefu na hutundikwa, haiwekwi sakafuni, na kwamba hakuna anayeichovya baada ya kuinywea. Chombo kioshwe kwa sabuni angalau mara moja kwa wiki, na maji yaliyochemshwa yasipitishwe siku mbili. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo, baada ya kumtawaza mtoto, na kabla ya kuyagusa maji ya kunywa.

8. MAOFISINI, SKULINI NA KATIKA SHUGHULI

Wakuu wa ofisi wanakumbushwa kwamba kikombe kimoja kilichofungwa kamba kando ya ndoo ya maji ni hatari kwa watumishi wote. Kila mtumishi awe na kikombe chake, na awepo mtu maalumu anayejulikana kuwa ndiye anayetibu maji na kuosha chombo. Skulini, walimu wa afya wawafundishe wanafunzi kuchota bila ya kuingiza mikono. Katika maharusi, maziara na hitima, ambako maji hukusanywa haraka kutoka nyumba nyingi, maji ya kunywa yawe na pipa lake lenye alama, lisichanganywe na maji ya kuoshea vyombo.

9. MTU AKIHARISHA

Mtu anayeharisha anywe maji mengi kuliko anavyopoteza, akiwa bado nyumbani na akiwa njiani kuelekea kituo cha afya. Dawa ya chumvi ya pakiti ndiyo bora. Isipopatikana, zichanganywe lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyo na kilima, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Mchanganyiko huo umwagwe baada ya saa 24. Mtoto aendelee kunyonyeshwa. Kinyesi chenye sura ya maji ya mchele, macho kuingia ndani, mkojo kukatika au mgonjwa kushindwa kunywa ni dalili za kumpeleka hospitali saa hiyo hiyo, kwa kuwa kipindupindu kikali huweza kuua katika muda wa saa chache. Taarifa itolewe kwa Sheha na kituo cha afya bila ya kuona haya. Kuficha mgonjwa mmoja ni kuuhatarisha mtaa mzima.

MASWALI YA KUJADILIWA

1. Katika nyumba, ni vyanzo vingapi vya maji vinavyotumika, na kila kimoja kinatumika kwa kazi gani?
2. Kwa nini maji ya mwanzo baada ya mkato wa mfereji yasikingwe kwa kunywa?
3. Kisima kilichopo karibu kina umbali gani na choo au karo, na ardhi ya hapo ni ya udongo au ya mawe?
4. Nyumba ya watu 8 itahitaji kutibu lita ngapi za maji ya kunywa kwa siku?
5. Ni jambo gani ambalo kuchemsha hakuwezi kuliondoa?
6. Barafu na juisi za nyumbani hutengenezwa kwa maji yapi?

Masheha wanaombwa kulisoma somo hili katika mikutano ya shehia, na wakuu wa ofisi wanaombwa kulibandika katika mbao za matangazo. Kila mwananchi anaombwa kuanza na jambo moja ambalo halina gharama yoyote: kuteua leo hii chombo kimoja cha nyumba kuwa cha maji ya kunywa peke yake, kukiosha, kukifunika, na kuwafahamisha wakubwa na watoto kwamba mkono hauingii humo.